Supu ya nyama na viazi yenye inajiivisha: kikapu kinaokoa makala, lakini kiko na masharti yake

Ku miji yetu ya Kivu, mama akitaka kupika supu nzito ya nyama ya ng'ombe na viazi, mara nyingi si nyama yenye inamuogopesha. Ni makala. Nyama anainunua mara moja, hata nusu kilo, kisha anaongeza maji ili itoshe watu wote. Lakini mbabula inakula makala tangu saa nne ya asubuhi mpaka saa nane, na nyama bado inavutana ku meno kama mpira. Barabara ikifungwa siku mbili tu, bei ya gunia la makala inapanda, na ile supu inageuka kuwa chakula cha siku kuu.

Wasikilizaji wengi wametuuliza kama ni kweli kwamba unaweza kupika nyama bila moto, ndani ya kikapu. Ndiyo, ni kweli. Si uchawi na si kitu kipya: kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, watu walionyeshwa sanduku la namna hiyo kutoka Norway, na wakati wa vita vikubwa vya Ulaya, familia nyingi za kule zilipika ndani ya sanduku la nyasi kavu juu ya kukosa makaa na kuni. Hapa kwetu kuna wamama wenye wanatumia kikapu tangu zamani kwa kumalizia maharagi ao mchele. Kwa nyama, mtu anapaswa kuelewa vizuri kile kinapita ndani ya sufuria, juu nyama ikipikwa vibaya inaweza kulaza nyumba nzima. Nitafika hapo, na nitasema vile ilitupata sisi wenyewe.

Tuanze na ile nyama. Ng'ombe wa kwetu, wa Masisi ao wa milima mingine, anatembea. Anapanda na kushuka kilima kila siku, na wengine wanafanya tena safari ndefu kwa miguu mbele ya kufika fasi ya kuchinjia. Mnyama mwenye anatembea sana, tena mwenye amezeeka, nyama yake inajaa nyuzi nyeupe zenye zinashikilia misuli. Zile nyuzi njo zinafanya nyama iwe ngumu. Ziko nyingi ku mguu wa chini, ku shingo, ku mkia, na fasi ya mbavu. Ziko kidogo sana ku file, na juu ya ile file njo wenye hoteli wanapigana asubuhi kwa mchinjaji.

Sasa, hapa kuna habari nzuri kwa mtu mwenye mfuko mwepesi. Kwa supu, file haifai. Ikipikwa saa tatu inakauka na inakuwa kama unga wa mbao. Mguu, shingo na mkia, vile watu wanalipa bei ya chini, njo vinatoa supu ya kweli, juu zile nyuzi nyeupe zikikaa muda mrefu ndani ya maji ya moto, kuanzia digri 70 hivi na kupanda, zinalegea polepole na kuyeyuka. Zinaingia ndani ya maji na kuyafanya mazito. Ndiyo maana supu ya mifupa ikilala usiku fasi ya baridi, asubuhi inatetemeka kama chapa ya sabuni laini. Ile ni nyuzi zilizoyeyuka, si mafuta.

Neno muhimu hapo ni «muda mrefu». Wengi wetu tunafikiri kwamba moto mkali unaharakisha kazi. Tunapepea mbabula, tunaongeza makala, maji yanaruka mpaka yanamwagika. Lakini maji yakiisha kuchemka, hayawezi tena kuongeza joto, hata ukiweka gunia zima chini yake. Makala yenye unaongeza inageuka mvuke na inatoka kwa dirisha.

Tena kwetu huku juu, maji yanachemka mapema. Kando ya bahari yanachemka kwa digri 100. Kila ukipanda karibu metre 300, unapoteza digri moja. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwa digri 95 hivi. Butembo na Lubero ziko juu zaidi, huko inashuka tena. Mtu wa Uvira kando ya ziwa Tanganyika anapata digri 97, na wa Kindu karibu 98. Ni tofauti kidogo kwa kuiangalia, lakini maharagi na nyama ngumu zinaisikia. Kama umetoka Kindu ukahamia Butembo, na ukaona nyama inachelewa kuiva, usimshitaki mchinjaji kwanza.

Kwa hiyo kazi yote iko hivi: kupandisha joto mpaka maji yachemke, kisha kulizuia lile joto lisitoke, kwa saa tatu ao nne. Mbabula inafanya ile kazi ya kwanza vizuri. Ile ya pili inaifanya vibaya sana, juu joto linakimbia pande zote za sufuria, na wewe unalipa kila dakika kwa kulirudisha. Kikapu kinafanya tu ile ya pili.

Kukitengeneza si ngumu. Tafuta kikapu kikubwa ao karto nzito yenye sufuria yako inaingia na kubakiza nafasi ya upana wa kiganja pande zote, hata chini. Ile nafasi unaijaza: blanketi nzee, nguo zenye hazivaliwe tena, vipande vya sponji ya godoro, ao majani makavu ya migomba yaliyosukumwa vizuri ndani ya gunia safi. Kitu chochote kikavu chenye kinashika hewa ndani yake kinafaa. Kitu chenye maji hakifai, juu maji yanapeleka joto inje haraka. Kisha unashona mto mnene wa kufunika juu. Watu wengi wanasahau ule mto ao wanaweka kitambaa kimoja tu, na ku kifuniko njo joto linatoka zaidi.

Mbele ya kutia nyama, pima kikapu chako na maji matupu. Chemsha sufuria ya maji litre 5, ifunge, iweke ndani, funika, na usiguse kwa saa nne. Ukifungua, weka mkono ku ubavu wa sufuria. Kama mkono unakataa kukaa, unautosha papo hapo, kikapu ni kizuri. Kama unaweza kushika pale na kuhesabu mpaka tano bila shida, kikapu hicho kinapoteza joto, ongeza blanketi. Kwa mchele kinaweza kusaidia, kwa nyama hapana.

Sasa supu yenyewe. Kwa watu sita mpaka wanane, chukua kilo 1 ya nyama ya mguu ao ya shingo, na ikiwezekana mfupa mmoja ao miwili, kilo 1 na nusu ya viazi, vitunguu 2 vikubwa, karoti 3, puaro 1 na tawi moja la seleri, tomati 3 ao 4, kitunguu saumu kidogo, chumvi, mafuta vijiko 3, na pilipili moja nzima yenye haikupasuka kama mnaipenda. Maji litre 2 na nusu. Hivi vyote vinajaza sufuria ya litre 5 ao 6 karibu mpaka juu, na ni lazima ijae. Sufuria kubwa yenye iko na supu nusu inapoa haraka sana, juu ile hewa ya ndani haishike joto kama maji. Kama muko watu watatu, usitumie kikapu kwa supu ya nyama, ao pika na jirani. Kwetu tulifanya hivyo miezi mingi, nyama siku moja kwetu, siku ingine kwake.

Kata nyama vipande vya ukubwa wa kiberiti, si zaidi. Kipande kikubwa kama ngumi, katikati yake panachelewa kupata moto, na ku kikapu hakuna moto mwingine wa kukifuata. Kaanga vipande ndani ya mafuta mpaka viwe na rangi ya kahawia, bila kuvijaza vyote mara moja. Ile rangi njo inaleta harufu na utamu. Ukiruka hapo, supu itakuwa kama maji ya kunawa nyama. Tia vitunguu, kitunguu saumu, vikaange kidogo. Kisha maji, mifupa, na chumvi nusu. Acha ichemke kwa kweli, na kifuniko juu, dakika 30 mpaka 40. Kama ni ng'ombe mzee, mwenye mchinjaji mwenyewe anamwona aibu, fikisha 50. Toa povu lenye linapanda.

Wakati huo menya viazi. Vikate kwa ukubwa wa yai la kuku, visiwe vidogo, juu vitakaa saa nyingi na vile vidogo vitapotea ndani ya supu. Mtu anaweza kuwa anapenda hivyo, inakuwa nzito zaidi; mama yangu anaponda viwili ao vitatu makusudi na mwiko. Tia viazi, karoti, puaro na seleri. Maji yatapoa kidogo. Ngojea mpaka yachemke tena vizuri, hesabu dakika 10, na hapo njo unahama.

Kuhama kunafanyika haraka. Kikapu kiwe kimefunguliwa karibu ya mbabula. Pangusa chini ya sufuria, hakikisha hakuna kaa hata dogo lenye limeshika, juu sponji na nguo vinawaka. Usifungue kifuniko kwa kuonja. Ingiza, funika na mto, zungushia blanketi ya mwisho. Saa tatu kwa nyama laini, saa nne kwa ile ngumu. Na usichungulie. Kila mtoto mwenye anafungua kwa kuona kama imeiva anatoa nje joto lenye hautalirudisha.

Umeona tomati sikuzitia. Ni makusudi. Tomati ziko na uchachu, na uchachu unafanya kiazi kibaki kigumu, hata ukikipika muda mrefu. Ku moto mkali hauone sana, lakini ku kikapu unaona: nyama imeiva, viazi vinalia ku meno. Kwa hiyo tomati zinaingia mwishoni.

Mwisho wenyewe hauna ruhusa ya kuruka. Ukitoa sufuria ku kikapu, irudishe ku moto, tia tomati zilizokatwa, na ichemke tena kabisa kwa dakika 10. Onja chumvi. Gawa. Makala yenye umetumia ni ya saa moja na dakika kidogo, pahali pa saa nne.

Na sasa ile habari ya kulaza nyumba. Mwaka wa kwanza wa kikapu chetu, niliingiza supu saa tano ya asubuhi, nikaenda kazini, mvua ikanyesha, nikarudi saa mbili ya usiku. Sufuria ilikuwa bado vuguvugu, supu inanukia vizuri sana. Watoto walikuwa na njaa, nikagawa vile ilivyokuwa. Usiku mzima tulipishana ku choo, mkubwa na mdogo. Nilifikiria nyama ilikuwa mbaya. Hapana, nyama ilikuwa nzuri, kosa lilikuwa langu.

Nyama iko na vijidudu vya namna ingine vyenye havikufi kwa kuchemshwa. Vinajifunga kama mbegu na kulala. Wakati supu iko moto sana, vinabaki vimelala. Ikishuka chini ya digri 60, vinaamka, na ndani ya supu ya nyama yenye haina hewa vinazaa haraka kuliko tunavyofikiria. Supu vuguvugu ni shamba lao. Haibadilike rangi na mara nyingi haitoe harufu, kwa hiyo kunusa hakukusaidie. Shirika la afya duniani, OMS, linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya digri 60 mpaka kiliwe, na kisibaki inje kwa zaidi ya saa mbili kama kimepoa. Kikapu kizuri kinashika hiyo hali kwa saa nne ao kidogo zaidi. Hakishike kwa saa tisa.

Kwa hiyo, kama unatoka nyumbani asubuhi na kurudi usiku, usiache supu ya nyama ku kikapu bila mtu mkubwa wa kuitoa. Ingiza saa ingine, ao mwambie jirani. Na kama umechelewa, ukagusa sufuria na mkono unakaa bila shida, ile supu usiitumainie, hata ukiichemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini sumu ya vingine inabaki. Najua kumwaga kilo moja ya nyama kunauma sana. Daktari naye analipwa.

Wengine watasema: kwa nini nisiache tu sufuria ku mbabula, moto kidogo, usiku mzima? Katika miezi ya mvua na baridi, kuna familia zenye zinafanya hivyo ndani ya nyumba, mlango na madirisha yamefungwa, supu inaiva na chumba kinapata joto. Hiyo ni hatari kubwa kuliko ile ya vijidudu. Makala yenye inaungua polepole fasi yenye haina hewa inatoa gesi yenye haina harufu, haina moshi, haina rangi. Mtu anasikia kichwa kuuma, usingizi unamshika, na hawezi kuamka. Mbabula yenye iko na moto, hata ile yenye imebaki makaa mekundu tu, mahali pake ni inje. Kikapu hakina moto. Kinaweza kulala karibu na kitanda cha mtoto.

Kuna wasikilizaji wenye ndugu zao walipelekwa Marekani kama wakimbizi, na wamewaonyesha ku simu sufuria ya umeme yenye inapika polepole siku nzima. Kule inajulikana sana, ile ya Crock-Pot inauzwa tangu mwaka 1971. Unatia nyama na viazi asubuhi, unaenda kazini, unarudi imeiva, na joto halikushuka kwa sababu umeme unalisukuma wakati wote. Ni kitu kizuri. Lakini kama ndugu anataka kukutumia moja, mwambie asome kwanza nyuma yake. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 220. Ukiichomeka hivi hivi bila kibadilishaji cha umeme, itaungua siku ya kwanza, na pengine na prise yako. Tena ile sufuria inataka umeme wenye haukatike. Fasi yenye kuna delestaji kila siku, supu inabaki nusu moto, nusu baridi, na tumeisha kuona nini kinafuata. Umeme ukikatika, usingojee urudi: hamisha ku mbabula, chemsha, kisha ingiza ku kikapu.

Mambo mawili ya soko mbele sijasahau. Viazi vyenye viko na rangi ya kijani ku ngozi, vile vinakaa siku nyingi ku jua kando ya barabara, viko na sumu chungu yenye haiishe kwa kupikwa. Kata ile fasi ya kijani na mimea yote kwa kina, na kama kiazi kizima ni kijani ao kinachoma ku ulimi, kitupe. Na wale wenye wanapenda kuongeza maharagi ndani ya supu hii: maharagi, zaidi ile mikubwa myekundu, iloweshwe usiku, maji yamwagwe, kisha ichemke kwa nguvu peke yake, angalau dakika 30, mbele ya kuingia ku sufuria ya kikapu. Maharagi yenye haikuchemka vizuri inatapisha, na joto la chini la kikapu haliwezi kuondoa ile sumu yake.

Tena sachet. Tumezoea kufunika chakula na sachet ya plastiki chini ya kifuniko ili mvuke usitoke. Kwa saa nne za joto, ile plastiki inalegea juu ya supu yenu. Jani la mgomba lililopitishwa kidogo ku moto linafanya kazi ileile, na linaacha harufu nzuri.

Supu ikibaki, usiirudishe ku kikapu kwa kuitunza mpaka kesho. Kikapu kitaiweka vuguvugu usiku mzima, ni sawa na kuilisha kwa vijidudu. Igawe ndani ya vyombo vidogo viwili ao vitatu, viweke ndani ya beseni ya maji baridi ili ipoe haraka, funika, weka fasi ya baridi kabisa ya nyumba, na asubuhi mapema ichemshe kabisa mbele ya kuila. Kama hauna frigo, bora watu waongezwe sahani usiku uleule.